Waliolala Ubavu wa Kushoto

Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Mvua ya Bangor
inagonga kioo kama mtu aliyesahau ufunguo.
Daktari Pritchard ameniachia bahasha mezani:
fomu kumi na mbili, miandiko ya watu
niliowapitia ndani kwa mpira wenye jicho
wiki hii, nikiitwa tena mwanafunzi,
mimi niliyefunga vidonda miaka kumi na tisa.

Daftari lake lina dakika: nane, kumi na moja, saba.
Lina vivimbe nilivyoviona, na kimoja nilichokipita
akanirudisha kwa kidole, bila neno.
Lakini daftari halikukunja magoti,
gauni wazi mgongoni.
Aisifuye mvua imemnyea.
Nafungua, niwasikie walionyeshewa.

Bwana Emrys Pugh, mvunja mawe mstaafu:
“Maumivu: sifuri. Muuguzi: malaika.”
Ee Emrys! Niliviona vidole vya miguu yako
vikijikunja kwenye kona ya pili ya utumbo
kana kwamba vimeshika kamba.
Sifuri hiyo umenipa kama mtu ampavyo mgeni
kiti kisichoyumba, mwenyewe akaketi kwenye ndoo.

Mmoja hana jina. Amechora kikombe cha chai.
Mwingine kalalamikia maegesho, ukurasa mzima.

Kisha Bibi Lowri Tudur. Alama mbili kwa kumi.
Mwandiko umesimama wima kama sindano:
“Mikono yako ni myepesi. Ila uliongea na skrini.
Uliposema ‘safi sana’ sikujua wasifu mimi au picha.
Nilisema basi mara mbili.
Ulisikia ya pili.”

Nageuza karatasi. Nyuma tupu.
Naikumbuka kona ile: shingo imekaza,
utamu wa kufika, Pritchard akiandika saba
huku akitabasamu,
na kisauti chini ya kiwiko changu
nilichodhani ni mashine.

Jumatatu nina watano.
Kabla sijagusa mpira nitazunguka
upande wa uso, niiname,
tupatane neno la kunisimamisha,
fupi, la lugha ya nyumbani kwao,
na litoshe kutamkwa mara moja.

Fomu ya Emrys naitia kwenye faili,
maana faili hupenda malaika.
Ya Lowri naikunja mara nne,
naiweka mfuko wa kifuani, nyuma ya saa,
pale ncha yake inaponichoma
kila nikiinama.