Utenzi wa Kanzu ya Waridi

Sina wino na kalamu,
naandika kwenye simu,
chaji nusu haitimu:
nitasema kwa haraka.

Mi Vuai wa Jang'ombe,
nilomenyewa maembe,
nisojua chungu, jembe,
hata ndevu zikatoka.

Nikapata ukarani
Wete, kisiwa jirani;
mama akalia ndani,
baba, kimya, akacheka.

Mwenye nyumba Bi Mgeni,
nami ndiye wa ugeni;
ukibisha, "E Mgeni!"
wawili tunaitika.

Akaniambia, "Mwana,
maji hayaji mchana,
huja saa nane, tena
huja pale yakitaka."

Nikawacha mfereji
wazi, kusubiri maji,
nikalala kama jaji;
hukumu ikanifika.

Naamka, chumba bwawa,
na ndala kama ngalawa,
bofulo limeshalowa,
kwa Bi Mgeni lafika.

Alisimama na taa,
hakufoka, hakukaa,
akasema, "Umefaa,
sakafu ilichafuka."

Kwenye kalenda ya benki
nikaandika kwa dhiki:
"Maji hayaaminiki."
Ndilo la kwanza la mwaka.

Nikampigia mama:
"Wali wangu umegoma!
Chini jivu, juu ngoma!"
"Kula wa kati," kacheka.

Kesho yake Bi Mgeni
kaleta sahani, ndani
wali wa nazi, laini:
"Moshi wako ulifika."

Shaame, chumba cha pili,
kaniomba mara mbili
hela za kulipa meli:
"Kesho takupa, hakika."

Kesho yake, ndugu zangu,
haimo kalenda yangu;
yahesabiwa kwa mbingu,
si kwa jua likitoka.

Nikimwona Ijumaa
suna huzidi kuzaa,
rakaa juu rakaa,
mpaka nimeondoka.

Bi Mgeni akanena:
"Wacha kumdai, mwana,
thawabu utazivuna:
kwa deni ameongoka."

Msimu wa karafuu
nikajitia ukuu:
"Mi napanda hadi juu!"
Wakasema, "Haya, kaka."

Kumbe juu majimoto
wana mji na watoto;
wakaingia kwa joto
pale pasipotajika.

Nilishuka pasi ngazi,
nikacheza waziwazi,
watu wakaacha kazi,
na mimi nikasifika.

Hadi leo Wete nzima
jina langu limezama:
"Majimoto, u mzima?"
Kwa adabu naitika.

Nikachora kalendani:
"Kaa chini mkekani,
chambua na majirani,
juu kuna wahusika."

Sasa nifike pa Idi:
kanzu, mama kaahidi,
kitambaa cha baridi,
na melini ikafika.

Nikasema niifue,
vumbi lake nilitoe,
na jezi yangu nitie,
nyekundu, iliyochoka.

Asubuhi kwenye kamba
kanzu imeshajipamba,
waridi kama la shamba,
na watu wameshatoka!

Nikaivaa kwa ari,
nikajipaka uturi,
nikajisemea, "Siri
ni kwenda bila ya shaka."

Fundi Khelefu, makini,
akanivuta pembeni:
"Hii mpya ya Omani?"
Nikakohoa. "Hakika."

Idi ya Kuchinja, safu
nzima ya mbele, nadhifu,
waridi kwa utukufu.
Shaame? Kwa deni, kaka.

Kalenda imeshajaa
maandishi ya mkaa,
na busara ni balaa:
huja ukishaanguka.

Mama kapiga: "Mwanangu,
umekua, tunda langu?"
"Mama, sasa embe zangu
namenya, wala si shaka."

Sikukitaja kidole,
wala kitambaa kile
cha jezi ya zama zile
nilochana, nikaweka.

Chaji imebaki moja,
utenzi nao wangoja,
ila maji, hayo, yaja!
Ndoo wapi? Nimetoka.