Kanga Moja na Shibiri Mbili

Saa kumi na moja alfajiri. Leicester bado giza.
Daktari Pemberton amenitumia sentensi tisa
na neno "haraka" mara mbili.
Naweka kompyuta juu ya meza ya jikoni,
napangusa maganda ya kitunguu,
naanza kuibembeleza Idara ya Afya ya Jiji
iseme kama mtu.

Ya kwanza: kaeni mbali, mita mbili.
Mita mbili ni nini kwa Bi Salha wa ghorofa ya nne,
aliyepima dunia yote kwa mkono wake?
Naandika: kanga moja iliyonyooshwa, ongeza shibiri mbili.
Nainuka, naitandaza yangu sakafuni, nahakikisha.
Inatoka kwenye friji, inakaribia mlango.
Jina lake nililisahau siku nyingi. Linanitazama:
UKISIKIA, MUULIZE ALIYEONA.
Bibi zetu walijua kusema kwa kifupi
na hawakuhitaji chaji.

Saa mbili kamili tunachapisha.
Saa tatu, mioyo mitatu.
Mmoja wangu. Mmoja wa Daktari.
Wa tatu wa duka la magodoro.

Huku nyuma, sauti ya mwanamume asiye na jina
inaruka simu hadi simu, dakika nne na ushee:
chumvi, ndimu, mvuke, blanketi la kichwani,
"na hao wakubwa msiwaamini, wanaficha."
Katikati anakohoa, kikohozi cha kweli.
Nyuma yake jogoo anawika.
Nimeletewa mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili kaileta mama yangu mzazi.

Kikaoni, kila mtu ndani ya kisanduku chake,
Imogen wa mawasiliano anasema tuongeze rangi ya chungwa.
Nasema: yule mtu ana jogoo, sisi tuna nembo.
Kimya. Nikadhani nimezima kipaza sauti.

Tena nikauliza sentensi ya saba imekwenda wapi,
ile iliyoanza na "bado hatujui".
Imekatwa, anasema. Watu wataogopa.
Wameshaogopa, Imogen.
Wanaogopa peke yao.
Daktari akavua miwani, akajisugua macho,
mtoto wake akapita nyuma na nguo za kulalia.
"Irudishe," akasema.

Basi Jumatano tukaandika:
Bado hatujui hewa inaubeba ugonjwa huu kwa muda gani.
Tunajua dirisha likifunguliwa, hatari hupungua.
Wiki jana kuhusu barakoa tulisema vingine. Tulikosea.
Tukijua zaidi tutarudi hapa hapa, saa mbili.

Hakuna aliyepiga vigelegele.
Maswali yakaja kwa matone.
Na dirisha lililopigwa misumari na mwenye nyumba?
Na maiti, ataoshwa vipi?
Matusi mawili. Mtu anayeuza ndimu.
Halafu, saa sita usiku, mwenye picha ya ua la waridi:

Mimi ni mshonaji, kiwanda cha nyuma ya reli.
Tuko thelathini na sita, cherehani kwa cherehani.
Hizo shibiri zako mbili nizitoe wapi?
Na nikibaki nyumbani, kodi atalipa nani?

Ninayo orodha ya majibu yaliyoidhinishwa,
thelathini na moja, yamepangwa kwa alfabeti.
Kuna kikohozi. Kuna kipimajoto. Kuna koo.
Kodi haimo.
Natafuta tena, kama mtu aliyepoteza ufunguo
anayerudia mfuko ule ule.

Naandika: Sijui.
Nafuta.
Naandika: Sijui. Kesho nitamuuliza anayepaswa kujua,
nitamuuliza hapa, mbele ya wote,
na jibu lake nitakuletea hata likiwa baya.
Natuma bila nembo.

Nje, ambulensi inapita bila king'ora.
Barabara ni tupu, imwombe nani njia?
Kanga ingali sakafuni. Naizunguka,
nisimkanyage aliyelala ambaye hayupo.

Chini ya ua la waridi: anaandika…
Panazima.
Anaandika…