Mpe Cheo

Asubuhi hii, Ngamiani, Barabara ya Nane,
chai sijainywa na nimeshateua watatu.
Nimemfanya mhasibu, kwa hesabu za kikoba cha akina mama.
Nimemfanya bwana mifugo, kwa ng'ombe wa Sekiondo
asiyetaka kusimama.
Nimemfanya mwalimu mkuu, mkali, mwenye miwani,
aandike barua ya kumrudisha mtoto darasani.
Mshahara sitoi. Kiapo hakuna.
Naandika tu "Wewe ni", halafu cheo,
na kompyuta yangu iliyofutika herufi N
inakaa vizuri kitini.

Msinicheke, inafaa.
Bila cheo hujibu kama mgeni msibani:
maneno mengi, mazuri, ya kila mtu.
Mvike joho, anaanza kutaja vifungu.

Saa tano akaingia Bi Mwanakombo Shemdoe wa Pongwe,
karatasi zake ndani ya mfuko wa sukari.
Shamba la marehemu mumewe. Jirani kasogeza mpaka.
Nikaandika: "Wewe ni wakili wa ardhi,
uzoefu miaka thelathini, hujawahi kushindwa."
(Hilo la mwisho ni chumvi yangu.)
Barua ikatoka imenyooka kama suruali ya askari.
Nikamsomea. Akasikiliza mpaka nukta.

"Anasema vizuri," akasema.
"Lakini huyo wakili mbona hajaniuliza kitu?
Hata mganga huuliza jina la mama."

Nikakuna kichwa.

"Mwambie yeye ni mtoto wa darasa la pili.
Ndiyo kwanza kashuka Pongwe,
hajui njia, hajui mtu. Aulize."

Nikasita. Miaka mitatu napandisha vyeo,
sijawahi kumshusha yeyote.
Nikaandika.

Yakaja maswali tisa.
Mpaka ulikuwa nini, jiwe, mti au mtaro?
"Minyaa. Aliipanda mume wangu mwaka wa mvua kubwa."
Nani alimwona akiipanda?
"Mhina, fundi baiskeli. Yu hai, ila haoni tena."
La saba: iling'olewa, au ilikatwa?
Hapo alinyamaza.
Akafungua tena ule mfuko wa sukari,
chini kabisa, chini ya stakabadhi,
akatoa kipande cha mnyaa kilichokauka,
upande mmoja kimepigwa panga.
"Nilikiokota. Sikujua kama kinahesabika."

Nikamrudishia wakili joho lake
pamoja na majibu yote tisa.
Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.
Ilianza na minyaa.

Kile kipande nikakilaza juu ya kioo cha mashine,
nikafunika taratibu, nikatoa nakala kama hati.
Mnyaa ulitoka mweusi, jeraha la panga jeupe.
Kwa barua alilipa elfu moja na mia tano.
Nakala mbili, shilingi mia nne:
hizo sikumdai.