Ngozi Mbichi

Miaka ishirini na sita nimekula kwa ngozi.
Huja na lori kutoka Mogotio na Marigat,
zimekunjwa, zimetiwa chumvi, zina nzi wake,
nami huzisoma kwa kidole kabla ya jicho:
hii ni ya mbuzi aliyeliwa na kupe,
hii ya ng'ombe aliyechomwa chapa begani,
hii ilichunwa na mtu mwenye haraka.
Chokaa siku tatu. Kisu butu, kwangua.
Kisha maji ya gome la muwati, mekundu,
yanayokaza kila kitu, hata ulimi ukiyaonja.
Ngozi ivute i maji, walitwambia wakubwa wa kazi.
Tukavuta.

Sasa nimepewa ngozi moja
na sijui niishikeje.

Kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa,
Kobilo hulala chini ya mashine kule hospitali kuu ya Nakuru,
mkono wa kushoto juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.
Wamemchora kifuani alama za wino. Zisifutike.
Mimi hubaki nje ya mlango mnene
nikihesabu vigae.

Nyaboke, binti wa mashine, alinikalisha siku ya kwanza:
maji ya uvuguvugu, sabuni isiyonukia,
usisugue, baba, gusagusa kwa kitambaa laini mpaka pakauke,
kwapa asinyoe,
jua lisimwone hapo,
na asipakwe kitu kabla hamjatuuliza.
Nikaitikia kila neno.
Yote ni kinyume cha kazi yangu.

Shangazi Tabutany aliteremka kutoka Kabarnet
na mafuta ya kondoo kwenye chupa ya sharubati.
Tukashukuru. Tukauliza. Tukaambiwa la.
Viatu vyangu vinang'aa sana siku hizi
na shangazi amevisifu.

Sidiria tuliifungia sandukuni.
Anavaa shati langu la pamba, la mwaka ule tuliohamia Kiti,
lililofuliwa mpaka likaisha ubishi,
amelipindua ndani-nje
ili mishono itazame dunia, isimtazame yeye.

Wiki ya tatu pakageuka.
Kwanza wekundu wa siku ya kwanza ya gome,
kisha weusi wa siku ya nne.
Rangi hizo nazijua, ndizo mshahara wangu,
ila kule pipani hakuna anayekunja uso.

Akaanza kuoga kafunga mlango.
"Ni sawa," akasema. Kesho yake, "Ni sawa."
Siku ya tatu nikalinusa shati kabla ya kulifua.
Pua ya mtu wa ngozi haidanganywi.
Chini ya titi, kwenye mkunjo, palikuwa pamechubuka, pana majimaji,
naye amenyamaza
akihofia kwamba wakipaona watasimamisha matibabu,
na amebakisha saba tu.

Hatukugombana. Nilichukua mwavuli kwa ajili ya jua
na vumbi letu lile lisilobisha hodi.
Nyaboke akatazama, akamwita daktari,
wakapafunika kwa bandeji isiyonata,
wakatwandikia saa za kuibadilisha,
na mashine ikazunguka kama jana.
Saba zikawa sita.
"Mngesema juzi," alisema tu, bila ukali.

Viganja vyangu ni tupa, chokaa imeviandika.
Basi nampaka krimu yao kwa mgongo wa mkono,
pale palipo pazima, mbali na bandeji.
Kobilo hucheka:
eti namgusa kama mtu anayepima
iwapo sufuria bado ni moto.
Acheke.
Ni moto kweli.

Jana kiwandani nilipokea ngozi ya ndama,
mbichi, chumvi bado inadondoka.
Sijui ilikuwaje. Niliilaza mezani taratibu,
nikaikunjua mkunjo mmoja, nikangoja,
nikaikunjua wa pili.
Msimamizi akaja akasimama nyuma yangu,
akakohoa,
akaniuliza kama naumwa.