Nafasi ya Vidole Viwili

Daftari la lindo, geti namba nne, Sohar.
Kila saa sentensi moja, kwa Kiingereza.
Miezi saba naandika zilezile:
geti limefungwa, lori limeingia, hakuna tatizo.
Nilizinakili kwa mlinzi aliyenitangulia
pamoja na makosa yake,
mpaka Bwana Sajivu, msimamizi, mtu wa Kerala,
akanikalisha kwenye kiti cha plastiki:
kwanza nani, halafu anafanya nini, halafu nukta.
Usisahau nukta.

Nukta siisahau.
Kinachonisumbua ni vidude vile, ei na dhe,
vinavyotangulia mbele ya jina kama askari wa msafara.
Lori likija mara ya kwanza, ei.
Likirudi, dhe, maana sasa tunajuana.
Kwetu Korogwe lori ni lori,
hata lirudi mara mia na kuangusha ukuta wa shule.

Leo, saa nane na robo usiku,
simu ilitetemeka juu ya meza ya bati.
Chausiku, dada yangu, maneno manne:
Amejifungua. Wazima wote wawili.
Nilicheka peke yangu, paka wa ghala akatimka.

Nikavuta karatasi niombe ruhusa ya siku kumi.
Mke wangu amepata mtoto: ei, ndiyo kwanza anafika.
Mtoto ana saa moja: dhe, tunajuana.
Nikajiona fundi.
Nikaanza sentensi ya tatu,
ya kusema ni mzima.

Nani?
Hi, au shi?

Kalamu ikaganda.
Miaka thelathini na mmoja nasema yeye.
Nimempenda yeye, nimemzika yeye,
nimegombana na yeye kwa ajili ya ndoo ya maji,
na neno hilo halijawahi kuniuliza
kilichomo ndani ya nepi.

Nikapiga. Hapatikani.
Nikapiga tena. Yule mama wa kwenye mtambo
akaniomba nijaribu baadaye, kwa upole uleule.

Sajivu akapita na chupa ya chai,
akasoma juu ya bega langu.
Weka iti, akasema. Kwa kichanga si kosa.

Iti!
Iti namwandikia geti.
Iti ni kufuli, ni lori la saruji,
ni mfuko uliopeperushwa na upepo ukanasa kwenye seng'enge.
Nikamjibu kwa Kiingereza, sentensi nzima,
neno moja na nukta yake: hapana.
Akacheka, akanimiminia kikombe.
Wa kwangu, akasema, nilimjua kwa barua,
siku ya kumi na tisa.

Basi nimeacha nafasi, upana wa vidole viwili.
Mvulana ana herufi mbili, msichana tatu;
akiwa wa tatu tutabanana.

Saa tisa. Geti limefungwa.
Saa kumi. Lori limeingia, dhe, lile la saruji.
Saa kumi na moja. Hakuna tatizo.
Nukta ya hapo imekuwa kubwa kidogo,
wino umevuja:
simu ilikuwa inatetemeka.