Kukagua Bugashani

Nimeshuka Magu na daftari la stoo,
lile la mistari myekundu, lililobaki mkononi
siku kiwanda cha pamba kilipofunga mageti.
Miaka ishirini na sita nimepima marobota;
sasa napima wilaya.

Nshoma, mke wangu, alisema:
kabla hatujauza nyumba ya Mabatini
nenda ukaone kama huko kunakalika
siku umeme ukikatika na usirudi,
siku sembe ikipanda hata isishikike,
siku daraja likiondoka na maji.
Nikachora safu saba. Kila safu, alama kumi.

Maji. Ziwa lile pale, hatua mia nne,
limejaa, linang'aa, na ndani yake kichocho.
Tatu.
Bomba la kisima lipo moja,
mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikaongeza mbili.

Udongo. Juu ni luseni, mchanga unaopita vidoleni;
chini, bondeni, mbuga nyeusi
inayopasuka kiangazi, ukikanyaga vibaya kiatu kinabaki,
na mvua zikija inadai cha pili.
Muhogo huku, mpunga kule.
Saba.

Barabara: usiulize.

Zahanati: imepakwa rangi.

Nikauliza ziwa lilifika wapi mwaka ule lilipopanda.
Kijana wa kuchunga akanionyesha kwa fimbo
choo kimesimama majini peke yake, mlango wazi,
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Nikapiga hatua kutoka ukingoni
hadi kiwanja ninachouziwa: sitini na mbili.
Nikaandika, nikapigia mstari,
nikarudi nikahesabu upya. Hamsini na nane.

Chakula cha akiba. Hapa ndipo nilipokaa.
Kwa Mbuke, mtunza bomba, nyuma ya ua wa minyaa,
michembe imeanikwa juu ya jabali
pana kama sakafu ya godauni:
viazi vimekatwa vyembamba, vimejikunja,
vyeupe kama kucha za mtu aliyefua siku nzima,
na kuku akipita juu yake vinalia.
"Hii ni ya miezi mingapi?"
"Inategemea na wageni."
Nikasubiri tarakimu, kalamu hewani.
Akanipa kikombe cha uji.

Usalama. "Polisi wako umbali gani?"
"Wapo. Lakini mwano ukipigwa usiku,
atakayebaki kitandani, asubuhi analipa faini."
"Hata mgonjwa?"
"Mgonjwa anapiga kelele akiwa ndani."
Nikaandika tisa. Nikafuta, nikaandika nane;
mtunza stoo hatoi tisa siku ya kwanza.

Ndipo akajifuta mikono kwenye kanga,
akaomba daftari.
Alisoma polepole, safu kwa safu, kidole kikitangulia,
akafika kwenye zahanati, akaguna,
akafika kwenye jina lake, akalisahihisha herufi.

"Umetupima vizuri," akasema. "Sasa zamu yangu.
Ukisikia mwano, magoti yako yanakimbia?"
Yanatembea.
"Unajua kuchimba kaburi penye mawe?"
Nilikuwa karani, mama.
"Kufungua bomba, kubadilisha ngozi ya ndani?"
Nikatazama ule mpira wa baiskeli.
"Una ndugu wangapi watakaokufuata sembe ikiadimika?"
Hilo sikuwa nimeliwekea safu.
Niliwahesabu kimya kimya, nikafika kumi na wanne,
nikamwambia, wachache.

"Na mkeo?"
Anazalisha. Miaka thelathini, wodi ya wazazi.
Amewahi kuzalisha kwa mwanga wa simu,
amewahi kuzalisha kwenye kivuko.

Mbuke akainama akaanza kugeuza michembe,
kipande kimoja kimoja, bila haraka,
mpaka jabali zima likabadilika upande.
Njia ya hapa hadi zahanati aliijua kuliko rangi yake.

"Mlete yeye kwanza," akasema.
"Wewe utakuja na mizigo."