Miaka Mitano na Robo

Kule Shanzu, nyuma ya ukuta wenye mikilifi,
kuna banda la farasi sita
na ubao ulioandikwa kwa rangi iliyobaki ya nyumba:
MAFUNZO. JUMAMOSI. WATOTO PIA.
Hiyo "pia" ndiyo iliyotukosesha usingizi.

Swabra ana miaka mitano na robo.
Robo ameiongeza mwenyewe,
kama muuza vitambaa aongezavyo shibiri
akitaka mnunuzi arudi.

Bibi yake asema: Mtoto akililia wembe, mpe.
Shangazi Mwanasiti asema: Udongo upate uli maji.
Jirani, Mama Fumo, aapa kuwa miguu itaingia matege,
kwamba yuko mtoto wa Kizingo
aliyetembea kama koleo mpaka siku ya harusi yake.
Baba yake hasemi. Afungua simu, apiga hesabu
ya nusu saa mara Jumamosi nne,
aifunga simu, atoka kwenda kununua viazi karai.

Mimi nakumbuka punda.
Babangu aliuza maji Bondeni,
na jioni, madebe yakiwa matupu,
alinirusha mgongoni mwa Tabu
(ndilo jina la punda, Tabu),
nikashika manyoya ya shingo, tukarudi.
Nilikuwa na miaka mingapi? Hakuna aliyeuliza.
Hakuna kofia. Hakuna risiti.
Kovu hili la kidevuni ndicho cheti changu.

Basi Jumamosi tukaenda. Kutazama tu.

Mwalimu, Kadzo, mwembamba, mkanda umekizidi kiuno,
hakuuliza umri.
Alimwambia mtoto: Simama kwa mguu mmoja.
Akasimama, akahesabu hadi kumi na moja,
akaanguka, akacheka.
Ukiambiwa "acha", huacha mara ya ngapi?
Swabra akanitazama.
Ya tatu, nikasema.
Ya nne, akasema yeye.
Kadzo akaandika kitu kwenye daftari
ambalo sikuonyeshwa.

Kisha akamleta Halua,
farasi mzee wa rangi ya tende iliyoiva nusu,
kope ndefu, pumzi ya majani na chuma.
Nilipompima kwa macho, tumbo lake lilianzia
pale kichwa cha mwanangu kilipoishia.
Wiki tatu za kelele, za kuruka juu ya mito,
za kulia hihihi hadi nzi wakahama chumba,
zote zikamkaukia mdomoni.
Akarudi nyuma, kisigino kikanikanyaga kidole.
Akasema: Bado.

Si kwa woga. Hofu zake zote nazijua,
nimelala nazo kitanda kimoja.
Ilikuwa sauti ya mtu pale Marikiti
anayebonyeza papai, akalirudisha.

Nami, niliyekuja na "bado" yangu mfukoni
nimeikunja vizuri, tayari kuitoa,
nikabaki nayo mkononi
kama nauli ya gari lililokwisha kuondoka.

Kadzo akampa brashi.
Akasugua goti la mbele, pale alipofikia,
goti hilo moja, nusu saa nzima,
mpaka likang'aa kuliko farasi mwenyewe.
Halua akalala usingizi wima.
Hatukutozwa kitu.

Sasa kwenye mwimo wa mlango wetu kuna mistari miwili
ya chaki ya fundi cherehani:
mmoja juu ya utosi wake,
mwingine aliouchora yeye, juu ya kiti,
pale anapodhani ndipo bega la Halua.
Kati yake pana viganja vinne vyangu.
Saba vyake. Amevipima mara mbili.

Usiku, taa zimezimwa, naitwa:
Mama, magoti yako yamepona?
Hayajapona. Yana sugu tangu alipojua kukaa,
na zulia la sebuleni lina njia mbili zilizochakaa.
Nainama. Apanda. Akamata kanga yangu shingoni.
Acha kuvuta, namwambia.

Aacha mara ya pili.